Hewa Isiyorudi: Jinsi Upepo wa Jua Unavyoipepeta Angahewa ya Sayari

Utangulizi

Kila mwaka baada ya mavuno, upepo wa kiangazi unapoanza kuvuma juu ya uwanda wa Singida, akina mama wa Iramba na Mkalama husimama uwanjani na ungo wakipepeta mtama, uwele na alizeti. Nafaka humiminwa kutoka juu taratibu. Punje nzito huanguka miguuni, makapi mepesi huchukuliwa na upepo, na hakuna anayehangaika kuyafuata. Katika kazi hiyo ya kila siku imo kanuni mbili zitakazotuongoza katika makala haya: upepo hauchukui vyote kwa usawa, bali huanza na kilicho chepesi, na kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi.

Makala haya yanaeleza upepetaji wa namna hiyo unaofanyika juu kabisa ya vichwa vyetu, mahali ambapo hewa inakutana na anga tupu. Mpepetaji ni Jua, na kinachopepetwa ni angahewa ya sayari. Sayari moja jirani yetu, Mirihi, imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya hewa yake kwa njia hiyo. Dunia nayo inapoteza kidogo kidogo, hata wakati huu msomaji anaposoma mstari huu.

Huenda msomaji akajiuliza daktari bingwa wa radiolojia anatafuta nini huko juu. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja niliyokuwa nikifanya kazi, kipoozeo cha mashine ya MRI kiliharibika na vipuri vikachelewa kufika. Sumaku ya mashine hiyo hufanya kazi ikiwa imezama katika heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kipoozeo kiliposimama, heliamu ilianza kupungua siku baada ya siku, hadi asubuhi moja iliyobaki ilipochemka kwa ghafla na kutoka kwa kishindo kupitia bomba la juu ya paa. Tulisimama nje tukitazama wingu jeupe likipanda na kutoweka. Sumaku ilikuwa imezimika. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, baadhi yao wakiwa na uvimbe wa ubongo na wa uti wa mgongo, ilibidi waandikiwe rufaa ya kwenda mkoa mwingine. Fundi alipoulizwa kama gesi ile ingeweza kurudishwa, alinyoosha kidole juu na kusema kwamba hiyo imekwenda na haina marejeo. Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, na maelezo yafuatayo ni ya kuonyesha kwa nini.

Upepo wa Jua ni nini?

Kwa macho Jua huonekana kama duara lenye ukingo kamili. Kwa hakika halina ukingo wa namna hiyo. Sehemu ya nje ya angahewa yake, iitwayo korona, ina joto linalozidi nyuzi milioni moja. Katika joto hilo atomi haziwezi kubaki nzima: elektroni hutengana na viini, na gesi hugeuka kuwa mchanganyiko wa chembe zenye chaji ya umeme. Wanafizikia huiita hali hiyo plazima, neno ambalo sisi watu wa tiba tumelizoea kwa maana nyingine kabisa, ile ya majimaji ya damu.

Mwaka 1958 mwanafizikia wa Marekani, Eugene Parker, alionyesha kwa hesabu kwamba gesi yenye joto kubwa kiasi hicho haiwezi kuzuiliwa na mvutano wa Jua. Ni lazima itiririke kwenda nje pande zote, wakati wote. Wengi wa wataalamu wenzake walikataa wazo hilo. Lakini vyombo vya Umoja wa Kisovieti vilivyorushwa kuanzia mwaka 1959, na chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2 mwaka 1962, vilipima mtiririko huo moja kwa moja. Leo tunauita upepo wa Jua.

Upepo huu ni wa protoni na elektroni, pamoja na viini vichache vya heliamu, na unabeba ndani yake uga wa sumaku wa Jua. Kasi yake ya kawaida ni kilomita 400 kwa sekunde, na mara nyingine hufika 700 au zaidi. Umbali wa kilomita milioni 150 kutoka Jua hadi Dunia huumaliza kwa muda wa siku nne hivi.

Hata hivyo, neno upepo lisitupotoshe. Hewa tunayovuta katika usawa wa bahari ina molekuli zipatazo trilioni milioni 25 katika kila sentimita moja ya ujazo. Upepo wa Jua unapofika karibu na Dunia huwa na chembe kama tano tu katika ujazo huo huo. Upepo mwembamba hivyo usingeweza kutikisa hata unywele. Vipi basi uweze kuichukua angahewa ya sayari nzima? Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, upepo huo una umeme, na umeme huweza kushika na kuvuta chembe bila kuzigusa. Pili, hauanzi kazi yake chini tulipo, bali huanzia juu kabisa ambako hewa yenyewe ni nyembamba mno. Tatu, haupumziki. Umevuma kwa zaidi ya miaka bilioni nne.

Kinachoishikilia hewa

Hewa haina kifuniko. Mji wa Singida uko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, na shinikizo la hewa hapo ni takribani asilimia 85 ya lile la Tanga au Dar es Salaam. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua, na hakuna mahali ambapo mtu anaweza kuweka alama na kusema imekwishia hapa. Ili kuijua hewa hiyo ya juu ilibidi ipimwe, na sehemu ya upimaji huo ilifanyika katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 1967, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi nchini Kenya, Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2, iliyopima msongamano wa hewa ya juu katika ukanda wa ikweta kwa kupima jinsi hewa hiyo ilivyoikwamisha setilaiti yenyewe.

Kinachoizuia hewa isimwagike angani ni mvutano wa sayari. Chini tulipo, molekuli hugongana kila mara na haziendi mbali. Lakini juu, katika kimo cha mamia ya kilomita, chembe inaweza kusafiri bila kugongana na nyingine. Chembe ikiwa huko, na ikielekea juu kwa kasi inayozidi kilomita 11.2 kwa sekunde, Dunia haiwezi kuirudisha tena. Kasi hiyo huitwa kasi ya kuponyoka. Kwa Mirihi, ambayo uzito wake ni sehemu moja ya kumi tu ya uzito wa Dunia, kasi ya kuponyoka ni kilomita 5 kwa sekunde.

Hapa ndipo kanuni ya ungo inapoingia. Katika joto lilelile, chembe nyepesi hukimbia kuliko nzito. Molekuli ya haidrojeni ni nyepesi mara 16 kuliko ya oksijeni, na kwa hiyo huenda kwa kasi mara nne. Ndiyo maana haidrojeni na heliamu ndizo zinazoponyoka kwa urahisi, wakati naitrojeni na oksijeni hubaki.

Kizuizi cha pili ni uga wa sumaku. Katika kina cha kilomita 2,900 chini ya miguu yetu kuna bahari ya chuma iliyoyeyuka, na mzunguko wa chuma hicho hutengeneza uga unaoizunguka Dunia na kuenea mbali angani. Upande unaolielekea Jua, uga huo huukabili upepo wa Jua katika umbali wa kilomita zaidi ya 60,000 na kuukengeusha pembeni, kama jabali la mtoni linavyoyagawa maji.

Mirihi: uchunguzi wa sayari iliyopungukiwa hewa

Mirihi ya leo ina shinikizo la hewa lisilofika asilimia moja ya letu, na hewa hiyo kidogo karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Binadamu akisimama huko bila vazi la kinga hatauawa na ukosefu wa oksijeni pekee. Shinikizo la hewa likishuka chini ya sehemu moja ya kumi na sita ya lile la usawa wa bahari, maji huchemka katika joto la mwili, yaani nyuzi 37. Mirihi iko chini sana ya kiwango hicho. Mate mdomoni na machozi machoni yangeanza kuchemka bila moto wowote. Mwili wetu, pamoja na mapafu na mishipa yake, umeumbwa kwa kutegemea uzito wa hewa inayoulalia.

Lakini uso wa Mirihi una alama za mabonde ya mito mikavu, delta na vitanda vya maziwa. Maji yalitiririka huko zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, na maji hayawezi kutiririka mahali pasipo na hewa ya kutosha. Kwa hiyo hewa ilikuwapo. Ilikwenda wapi?

Daktari anapompokea mgonjwa mwenye upungufu wa damu hujiuliza swali linalofanana na hilo. Je, damu haitengenezwi, imejikusanya mahali ndani ya mwili, au imemwagika nje? Kwa Mirihi, hewa ingeweza kuingia ardhini na kufungwa katika miamba, au ingeweza kupotelea angani. Kuona tu kwamba haipo hakutoshi. Kinahitajika kipimo kinachotofautisha njia hizo mbili.

Kipimo hicho ni gesi ya agoni. Agoni haiungani na kitu chochote. Haiwezi kumezwa na miamba wala kuyeyuka katika maji kwa kiasi cha maana. Ikipungua, imetoka nje. Tena agoni ina isotopu mbili zinazotufaa, moja nyepesi na moja nzito: agoni-36 na agoni-38. Duniani, kwa kila atomi moja ya ile nzito kuna atomi 5.3 za ile nyepesi. Gari la utafiti la Curiosity, lililotua Mirihi mwaka 2012, lilikuta uwiano wa 4.2 tu. Nyepesi imepungua, nzito imebaki. Mtu yeyote aliyekulia Singida angeitazama nafaka ya namna hiyo na kusema: hii imepepetwa.

Kwa kuunganisha kipimo hicho na vile vya chombo cha MAVEN, kilichorushwa na NASA mwezi Novemba 2013 na kuanza kuizunguka Mirihi mwezi Septemba 2014, watafiti walitangaza mwaka 2017 kwamba takribani asilimia 65 ya agoni iliyowahi kuwamo katika hewa ya Mirihi imepotelea angani. Kaboni dayoksaidi, iliyo na njia nyingine zaidi za kutoroka, haikusalimika pia.

Njia ambazo hewa huchukuliwa

Njia ya kwanza ni ya kuvutwa. Mionzi ya urujuanimno ya Jua huzigonga atomi za juu na kuzing'oa elektroni, zikabaki zikiwa ioni, yaani chembe zenye chaji. Atomi isiyo na chaji haiuhisi upepo wa Jua. Ioni huuhisi mara moja: uga wa umeme na wa sumaku unaosafiri ndani ya upepo huo huishika na kuondoka nayo. Mirihi haina ngao ya sumaku ya sayari nzima, kwa hiyo upepo huo hufika hadi kwenye hewa yenyewe.

Njia ya pili ni ya kugongwa. Baadhi ya ioni zilizoshikwa haziendi nje, bali hurudishwa kwa kasi kubwa na kuipiga hewa ya juu, na kila pigo hurusha atomi nyingine, kama jiwe linalotupwa dimbwini likarusha matone nje. Hii ndiyo njia inayoweza kuiondoa hata gesi nzito isiyoungana na kitu kama agoni.

Njia ya tatu ni ya kikemia. Ioni ya oksijeni yenye atomi mbili inapokutana na elektroni huvunjika, na atomi zake hutawanyika kwa nguvu. Kasi zinazoipata hutosha kuushinda mvutano wa Mirihi, lakini hazitoshi kuushinda wa Dunia. Tukio lile lile la kikemia ni hasara kwa sayari ndogo na si hasara kwa kubwa.

MAVEN ilipima kwamba upepo wa Jua unaondoa hewa ya Mirihi kwa kiasi cha gramu 100 hivi kila sekunde. Kiasi hicho ni kidogo, pungufu ya kikombe cha unga. Tena, tukipiga hesabu kwa kasi hiyo, hewa iliyobaki Mirihi leo ingechukua mabilioni ya miaka kwisha, na hatuwezi kueleza ilipotelea wapi hewa nzito ya zamani. Ufumbuzi ni kwamba hali haikuwa hivi siku zote. Jua lilipokuwa changa lilitoa mionzi ya urujuanimno na upepo mkali kuliko sasa, na dhoruba zake zilikuwa nyingi. Dhoruba ya Jua iliyoikumba Mirihi mwezi Machi 2015 mbele ya macho ya MAVEN iliongeza utorokaji wa ioni mara kumi au zaidi. Wakati huo huo, mapema katika historia yake, miaka bilioni nne hivi iliyopita, kiini cha Mirihi kiliacha kutengeneza uga wa sumaku. Alama za uga huo zimebaki katika miamba ya kale ya kusini mwa sayari hiyo, mithili ya kovu linaloeleza jeraha la zamani. Mvutano dhaifu, ngao iliyozimika na Jua kali viliungana pamoja. Watafiti wanakadiria kwamba hewa iliyopotea ingeweza kutoa shinikizo la nusu ya lile la Dunia, au zaidi.

Zuhura na swali la ngao

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba sayari yenye ngao ya sumaku hupona na isiyo nayo hufa. Vitabu vingi husema hivyo. Lakini tabibu mwangalifu hutafuta mgonjwa ambaye hafuati kanuni, na mgonjwa huyo ni Zuhura.

Zuhura haina uga wa sumaku wa kwake, na iko karibu zaidi na Jua kuliko sisi. Hata hivyo angahewa yake ni nzito mara 90 hivi kuliko ya Dunia. Uzito wa sayari hiyo unafikia asilimia 81 ya uzito wa Dunia, na mvutano huo umetosha kuishikilia kaboni dayoksaidi. Haikutosha kuishikilia haidrojeni. Haidrojeni nzito imerundikana Zuhura kwa uwiano unaozidi ule wa Dunia mara mia moja na zaidi, dalili kwamba haidrojeni nyepesi imekwenda zake. Chombo cha Ulaya cha Venus Express, kilichofika huko mwaka 2006, kilikuta haidrojeni na oksijeni zikitoroka kwa uwiano wa karibu mbili kwa moja, uwiano wa maji. Zuhura haikupoteza hewa. Ilipoteza maji, na hilo nalo linatosha kuiua sayari.

Kwa upande mwingine, Dunia yenye ngao imara nayo huvuja. Uga wa sumaku huizuia njia ya mbele, lakini kwenye ncha za kaskazini na kusini mistari yake hufunguka kuelekea angani, na ioni za oksijeni, haidrojeni na heliamu hupanda kwa kuifuata. Mwezi Mei 2022, roketi ya NASA iitwayo Endurance ilirushwa kutoka Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norwei, ikapima uga wa umeme unaozisukuma ioni hizo juu. Tofauti iliyopimwa katika mamia ya kilomita ilikuwa volti 0.55 tu, chini ya nguvu ya betri ndogo ya saa ya mkononi. Nguvu hiyo ndogo hutosha. Kwa sababu hiyo wanasayansi wanaendelea kujadiliana ni kwa kiasi gani ngao ya sumaku huhifadhi hewa, na ni kwa kiasi gani hubadilisha tu mlango wa kutokea. Kwamba uzito wa sayari una nafasi kubwa, hilo halina ubishi.

Je, tuogope?

Kwa hewa ya kuvuta, hapana. Dunia hupoteza takribani kilo tatu za haidrojeni na gramu 50 za heliamu kila sekunde. Kwa mwaka hiyo ni karibu tani laki moja. Kiasi hicho kinatisha hadi tunapokilinganisha na uzito wa angahewa yote, ambao ni tani trilioni 5,000 hivi. Kwa kasi hiyo ingehitajika miaka bilioni 50 kuondoa uzito kama huo, na Jua lenyewe halitadumu muda huo. Hatari za hewa zinazowaleta watoto wetu hospitalini ziko chini zaidi: moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na madirisha, vumbi la machimbo, na moshi wa tumbaku. Hewa tutaendelea kuwa nayo. Wajibu wetu ni kutoichafua.

Kwa heliamu jibu ni tofauti, na jibu hilo linaturudisha Singida.

Heliamu ya mawe ya Singida

Mgeni anayeingia mjini Singida hupokewa na majabali ya graniti yaliyotawanyika kandokando ya maziwa ya Singidani na Kindai. Miamba hiyo ni sehemu ya bamba la kale la kati ya Tanzania, lenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Ndani ya miamba ya namna hii kuna urani na thoriamu kwa kiasi kidogo. Huko Manyoni urani imejikusanya vya kutosha kuwavutia watafutaji madini. Kila atomi ya madini hayo inapovunjika hutoa chembe ya alfa, na chembe ya alfa ni kiini cha heliamu. Ikipata elektroni mbili, huwa heliamu kamili. Hivyo jabali lile ambalo watoto hukaa juu yake wakichunga mbuzi linatengeneza, atomi moja baada ya nyingine, gesi ambayo iligunduliwa kwanza katika mwanga wa Jua mwaka 1868 na kupewa jina la Jua kwa Kigiriki.

Kwa mamilioni ya miaka heliamu hiyo hubaki imefungwa mwambani. Joto la Bonde la Ufa, linalopita kando ya bamba hilo la kale, huifungua. Hupanda pamoja na maji na naitrojeni, na hutokea katika chemchemi za moto. Katika mabonde ya Ziwa Eyasi, ambalo linapakana na wilaya ya Mkalama, na Ziwa Balangida katika mkoa jirani wa Manyara, leseni za utafutaji wa heliamu zimetolewa. Huko Rukwa, kusini magharibi mwa nchi, watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza mwaka 2016 hazina kubwa ya gesi hiyo, na uchorongaji wa mwaka 2024 ukaileta juu ya ardhi.

Sasa tazama hesabu moja. Miamba ya Dunia hutengeneza pia agoni, kutokana na potasiamu, na kwa idadi ya atomi heliamu inayotengenezwa haiko nyuma ya agoni. Lakini katika kila atomi na molekuli milioni moja za hewa tunayovuta, agoni ni zaidi ya 9,000, na heliamu ni 5 tu. Agoni, nzito mara kumi, imekaa na kujikusanya tangu mwanzo wa Dunia. Heliamu hupanda, hukaa angani kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka milioni moja, hufika juu, hung'olewa elektroni na mionzi ya Jua, na hatimaye kuondoka kwa njia za ncha za Dunia. Pengo kati ya 9,000 na 5 ndilo ushahidi wa upepetaji, na ushahidi huo umo katika kila pumzi.

Mashine moja ya MRI ya aina iliyozoeleka huhitaji lita 1,500 hadi 2,000 za heliamu ya kimiminika. Hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza heliamu kwa wingi. Iliyopo ni ile iliyotengenezwa na miamba na kunaswa chini ya tabaka zisizopitisha gesi. Kuichuja kutoka katika hewa, ambako imebaki chembe tano kwa milioni, ni kazi ya gharama kubwa mno. Kwa hiyo kuna mahali pamoja tu pa kuikamata kwa urahisi: kabla haijatoka.

Hitimisho

Yako mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwa wasimamizi wa hospitali: kipoozeo cha MRI kisihesabiwe kuwa kifaa cha pembeni. Mkataba wa matengenezo, umeme wa akiba na vipuri vilivyo karibu ni nafuu kuliko kujaza sumaku upya, na ni nafuu zaidi kwa mgonjwa asiyeweza kusafiri. Kwa wanaonunua mashine mpya: zipo sasa sumaku zilizozibwa zinazotumia lita chache tu za heliamu maisha yake yote, na mazingira yetu ya umeme usiotabirika yanazihitaji kuliko nchi tajiri. Kwa wanaopanga matumizi ya hazina ya Rukwa, na ya Eyasi itakapothibitika: gesi hii isipimwe kwa bei ya kuiuza nje pekee. Mgonjwa wa Mkalama anayesubiri picha ya uti wa mgongo anaishi juu ya miamba inayoitengeneza.

Mirihi haikupoteza hewa yake kwa siku moja. Ilipoteza gramu baada ya gramu, na nyepesi ilitangulia. Asubuhi ile tulipolitazama wingu jeupe likipanda juu ya paa la hospitali, tulikuwa tukiona hatua ya kwanza ya safari hiyo hiyo. Heliamu ile bado ipo angani, imechanganyika na hewa ya dunia nzima, na itasubiri zamu yake ya kupepetwa. Kwetu sisi, na kwa wale waliokuwa kwenye foleni, ilikwisha kwenda.